Mali ya Jirani Si Hasara Yetu



Tarehe 2 Aprili 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimama katika bustani ya Ikulu ya nchi yake akiwa na ubao ulioandikwa majina ya mataifa, na mbele ya kila jina kiwango cha ushuru ambacho bidhaa za taifa hilo zingetozwa ziingiapo Marekani. Miongoni mwa mataifa yaliyopangiwa kiwango cha juu kabisa ilikuwamo Lesotho, ufalme mdogo wa milimani wenye watu wapatao milioni mbili, uliozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Bidhaa zake zilipangiwa ushuru wa asilimia 50. Sisi wa Tanzania, pamoja na jirani zetu wa Kenya na Uganda, tulipangiwa asilimia 10.

Yafaa tujue hesabu hiyo ilifanywaje. Maofisa walichukua thamani ya bidhaa ambazo Marekani ilizinunua kwa nchi husika, wakatoa thamani ya zile ilizoiuzia, tofauti iliyopatikana wakaigawa kwa thamani ya zile ilizozinunua, kisha jawabu wakalipunguza kwa nusu. Haikuulizwa kama nchi hiyo ni tajiri au maskini, wala haikuulizwa nani hasa hufaidika na biashara hiyo. Kosa la Lesotho lilikuwa moja tu: mafundi wake, wengi wao wanawake, huwashonea Wamarekani suruali za jinzi, nao wenyewe hawana uwezo wa kununua vya Marekani kwa kiasi hicho. Baada ya wiki moja viwango vikubwa vilisimamishwa kwa muda, na mwezi Agosti mwaka huohuo Lesotho ikapangiwa asilimia 15. Lakini kwa mwajiri mwenye kiwanda na kwa mama mshonaji, miezi hiyo ya kusubiri ilikwisha kuleta madhara, maana mnunuzi asiyejua bei ya kesho hatoi oda leo.

Wengi wetu tulidhani kwamba jambo hili ni jipya, au ni tabia ya mtu mmoja. Sivyo. Fikra iliyo nyuma ya ubao ule ina umri wa zaidi ya miaka mia nne, nayo imewahi kupita katika pwani yetu ikiwa na mizinga. Katika kurasa hizi tunataka kuieleza, kuipima, na kujiuliza swali lililo gumu zaidi: je, sisi wenyewe tumesalimika nayo?

ITIKADI YA HAZINA

Wataalamu huiita merikantilizimu. Sisi, ili tuelewane, tuiite itikadi ya hazina. Ilitawala mawazo ya wafalme na wafanyabiashara wakubwa wa Ulaya tangu karne ya 16 hadi ya 18. Msingi wake ni rahisi: utajiri wa taifa ni dhahabu na fedha iliyomo katika hazina ya mfalme. Nchi isiyo na machimbo itaipata wapi dhahabu? Kwa kuwauzia wageni vingi na kununua kwao vichache, ili tofauti iletwe nyumbani kwa sarafu. Thomas Mun, Mwingereza aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, aliitetea kanuni hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1664, baada ya kifo chake. Huko Ufaransa, Jean-Baptiste Colbert, waziri wa fedha wa Mfalme Louis wa 14, aliitekeleza kwa bidii kubwa: alijenga viwanda kwa ruzuku ya serikali, akapandisha ushuru wa bidhaa za kigeni mwaka 1664 na tena mwaka 1667. Ushuru huo uliwakera sana Waholanzi, nao ulikuwa miongoni mwa sababu za vita vilivyoanza mwaka 1672.

Vita hivyo havikuzuka kwa bahati mbaya. Dhahabu ya dunia ilihesabiwa kuwa ni kiasi kimoja kisichoongezeka, kama chungu kimoja cha ugali mbele ya watu wengi wenye njaa. Kila tonge aliongezalo jirani limepungua kwako. Kwa hiyo ustawi wa jirani ni tishio, na biashara ni vita vinavyopiganwa kwa meli na vitabu vya hesabu kabla havijapiganwa kwa bunduki.

Katika mpango huo makoloni yalikuwa na kazi mbili tu: kutoa malighafi na kununua bidhaa zilizotengenezwa. Uingereza ilipitisha sheria za usafiri wa majini kuanzia mwaka 1651 ili mizigo ya makoloni yake ibebwe na meli zake. Mwaka 1699 ilikataza makoloni yake ya Amerika kusafirisha nguo zao za sufu kwenda kuuza nje ya koloni lilikofumwa. Mwaka 1750 iliyaruhusu kuyeyusha chuma ghafi na kukipeleka Uingereza, lakini ikayapiga marufuku kujenga mitambo mipya ya kukitengeneza chuma hicho kuwa bidhaa. Na ili kuwalinda wafumaji wake dhidi ya nguo nzuri na za bei nafuu kutoka India, ilizuia nguo hizo kwa sheria za mwaka 1700 na 1721. Hivyo yule aliyekuja baadaye kutuhubiria soko huria, alijifunza kutembea akiwa ameshikilia ukuta.

ILIVYOTUFIKIA SISI

Watu wa pwani yetu waliijua itikadi hii kabla haijaandikiwa vitabu. Kwa karne nyingi majahazi ya Kilwa, Mombasa, Malindi na Sofala yalifanya biashara na Uarabuni, Uajemi na India. Bahari haikuwa na mwenyewe. Wareno walipofika walitaka jambo ambalo hakuna aliyelidai kabla yao: ukiritimba. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliishambulia Kilwa, kisha Mombasa. Baada ya hapo Wareno wakaweka utaratibu wa vyeti vya kusafiria baharini. Chombo kilichokamatwa bila cheti kiliweza kutaifishwa pamoja na shehena yake. Nahodha ambaye babu zake walivuka bahari hiyo kwa pepo za kaskazi na kusi sasa alitakiwa anunue ruhusa kwa mgeni. Wareno waliitaka dhahabu iliyopita Sofala iende Lisbon peke yake. Iliyopatikana ilikuwa kidogo kuliko walivyotarajia, maana soko lililoshikwa shingo hujificha: wafanyabiashara walitafuta njia nyingine, na magendo yakastawi.

Mwaka 1776 una somo lake. Mwaka huo Adam Smith, mwanafalsafa wa Uskoti, alichapa kitabu chake mashuhuri cha kuupinga mfumo huo wa wafanyabiashara. Na mwaka uleule, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Wenye elimu walipokuwa wakibishana kuhusu mizani ya biashara, binadamu wa bara letu walikuwa wakipangiwa bei ndani ya mizani hiyo.

Wajerumani nao walikuja na hesabu zao. Viwanda vyao vya nguo vilitegemea mno pamba ya Marekani, na fedha nyingi ilitoka nje kuinunua. Jibu lao likawa: pamba ilimwe katika koloni letu wenyewe. Katika kusini ya nchi yetu watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba kwa malipo yasiyostahili jina la malipo, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mikono. Mwezi Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Hivyo ndivyo Vita vya Maji Maji vilivyoanza. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa hadi mwaka 1907 wanafikia 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya majeshi kuchoma vyakula. Anayedhani kwamba nadharia ya uchumi ni mchezo wa wasomi na aitafakari miche ile.

KOSA LAKE LIKO WAPI?

Kosa la kwanza ni la akili. Dhahabu haina lishe. Hispania ilipata fedha nyingi mno kutoka katika mlima wa Potosí, uliogunduliwa mwaka 1545 katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Je, ilitajirika? Bei za vitu zilipanda katika karne yote ile, na serikali yake ilishindwa kulipa madeni mwaka 1557, ikashindwa tena mwaka 1575 na mwaka 1596. Mwaka 1752 David Hume, rafiki yake Smith, alieleza sababu. Fedha ikijaa katika nchi pasipo mazao kuongezeka, bei hupanda. Bei zikipanda, wageni huacha kununua kwako, na wewe huanza kununua kwao. Basi fedha hurudi ilikotoka. Kila mkulima analijua jambo hili. Kijiji kizima kikipata fedha siku moja na magunia ya mahindi yasiongezeke, kitakachoongezeka ni bei ya debe.

Kosa la pili ni la haki. Smith alionyesha kwamba mfumo ule ulimtoa sadaka mlaji kwa faida ya mzalishaji na mchuuzi mkubwa aliye karibu na wakuu. Hata leo, ushuru wa forodha haulipwi na mgeni kwa namna tunayoambiwa. Hulipwa na mwagizaji pale bandarini, naye huuingiza katika bei. Wachumi walioichunguza Marekani baada ya ushuru wa mwaka 2018 walikuta kwamba mzigo wake ulibebwa karibu wote na Wamarekani wenyewe. Na kwa kuwa maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kununua nguo, chakula na vyombo, yeye ndiye hubeba mzigo mzito zaidi.

Kosa la tatu ni la moyo, nalo ndilo mzizi. Itikadi ya hazina inatufundisha kumwangalia jirani na kuona mwizi. Mwaka 1930 Marekani ilipitisha sheria ya Smoot na Hawley, iliyopandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa, ingawa wachumi zaidi ya 1,000 walitia sahihi kumwomba Rais Hoover asiikubali. Nchi nyingine zililipiza kisasi. Sheria hiyo siyo iliyoanzisha mdororo mkuu wa uchumi, lakini iliuzidisha, kwa kuwa kila taifa lilijaribu kumsukumia jirani yake taabu yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili mataifa yaliona ubaya wa njia hiyo, yakaanza mazungumzo ya kupunguza ushuru mwaka 1947, na mwaka 1995 likaanzishwa Shirika la Biashara Duniani. Tangu Desemba 2019 baraza la rufaa la shirika hilo lilikwama kwa sababu Marekani ilikataa kukubali uteuzi wa waamuzi wapya. Mashauri yakikosa mahali pa kukatiwa rufaa, mwenye nguvu hujihukumia mwenyewe.

LAKINI JE, KUJILINDA NI DHAMBI?

Hapa, ndugu msomaji, ni lazima tuwe waangalifu. Wapo watakaosema: kama ni hivyo, basi tufungue milango yote, soko litajipanga lenyewe. Tuliambiwa hivyo katika miaka ya 1980 na 1990, nasi tunayajua matokeo yake. Viwanda vingi vya nguo vya nchi yetu, ambavyo vilikuwa vimechoka kweli na kuendeshwa kwa hasara, havikupewa nafasi ya kutibiwa. Viliachwa katika mvua bila mwavuli. Mtambo ulionyamaza ni rahisi kuuza kama chuma chakavu kuliko kuufufua, na ujuzi wa fundi aliyekwenda nyumbani hauhifadhiki ghalani.

Tena historia haisemi kwamba matajiri walitajirika kwa milango wazi. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza wa Marekani, alitoa taarifa mwaka 1791 akilitaka Bunge liwalinde watengenezaji wachanga wa nchi hiyo. Mjerumani Friedrich List alilifafanua wazo hilo mwaka 1841: taifa lililofika juu kwa ngazi ya ulinzi hupenda kuitupa ngazi hiyo ili wengine wasipande. Korea Kusini nayo, katika miaka ya 1960 na 1970, ililinda viwanda vyake, lakini iliwadai wenye viwanda malengo ya kuuza nje. Ulinzi ulikuwa mkopo, haukuwa zawadi.

Kwa hiyo kuna tofauti kati ya kumlea mtoto na kumpiga jirani. Mche mchanga huwekewa uzio ili mbuzi wasiule, hakuna anayeshangaa. Lakini mwenye kuzungushia uzio mti wa miaka hamsini, kisha akaenda kung'oa miche ya mwenzake, huyo hana sababu ya kilimo.

Tukio moja la kwetu linaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa mitumba, ili ifikapo mwaka 2019 uwe umekoma na viwanda vya nguo vipate pumzi. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai kwamba hatua hiyo ingewanyima watu wao kazi. Marekani ikatukumbusha kwamba nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru, iliyotolewa kwa nchi za Afrika kwa sheria ya AGOA ya mwaka 2000, ni hisani yenye masharti. Kenya ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, ambao ulikuwa umepanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwezi Julai 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru.

Sasa tulinganishe tarehe. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 2018, Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya chuma cha pua na vyuma vingine vya kigeni, na asilimia 10 juu ya aluminiamu, ili kulinda viwanda vyake vilivyo na umri wa zaidi ya karne moja. Yule mkubwa aliruhusiwa uzio. Yule mdogo aliadhibiwa kwa uzio. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alikwisha kulionya jambo hili katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu: kwamba biashara huria haitoshi kuitwa haki pale ambapo wanaofanya biashara hawalingani hata kidogo kwa nguvu.

BORITI KATIKA JICHO LETU

Tungeishia hapa, kijitabu hiki kingewapendeza wengi, maana ni vyepesi kuwalaumu walio mbali. Lakini tume inayoitwa ya haki na amani haiwezi kuhesabu makosa ya Washington ikanyamazia ya Namanga.

Umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Maana yake ni kwamba bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama hupita kwenda nyingine bila ushuru. Ushuru uliondoka, lakini itikadi ilibaki, ikavaa kanzu nyingine: vyeti, vipimo, vizuizi vya barabarani, marufuku za ghafla. Mwaka 2017, pale Namanga, serikali yetu iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 walioletwa kutoka Kenya, kwa maelezo ya hofu ya homa ya ndege; mwaka huohuo ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya walionaswa wakilisha upande wetu walipigwa mnada. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, ikaondoa zuio hilo siku chache baadaye na kuweka masharti mapya. Wakati huo malori yalikuwa yamesimama mpakani na mzigo wa wakulima juani. Mwezi Aprili 2025 serikali yetu ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa nchi hizo nazo zilikuwa zimezuia mazao yetu. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo, zuio likaondolewa.

Hatusemi kwamba kila zuio halina sababu. Magonjwa ya mifugo yapo, na sumu kuvu huua. Wala hatusemi kwamba nchi iliyofungiwa mlango haina haki ya kulalamika. Tunasema hivi: pale ambapo mazungumzo ya siku chache yaliweza kumaliza jambo, kwa nini mazungumzo yalikuja baada ya hasara? Na hasara hiyo ililipwa na nani? Haikulipwa na waziri wa upande wowote. Aliyelipa ni mwenye gunia.

Tunao ushahidi mchungu wa mwisho wa njia hii. Jumuiya yetu ya kwanza iliundwa kwa mkataba wa mwaka 1967. Waasisi wake walijua kwamba Kenya ilikuwa na viwanda vingi zaidi, wakaweka kodi ya uhamisho wa bidhaa: nchi iliyouziwa vingi kuliko ilivyouza iliweza kulinda viwanda vyake vichanga kwa muda maalumu, kwa kanuni zilizokubaliwa na wote. Ulikuwa ulinzi wa maelewano. Lakini manung'uniko kwamba mmoja ananufaika kwa hasara ya wengine hayakwisha, yakachanganyika na ugomvi wa kisiasa, na mwaka 1977 jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Wazee wetu wa Tarakea, Sirari na Holili wanakumbuka miaka ile. Ndugu walizikwa bila ndugu wa ng'ambo kufika.

VIPIMO VINNE

Basi, serikali inapotangaza ushuru mpya au marufuku mpya, mwamini na kiongozi wa walei afanyeje? Asishangilie kwa kuwa ni uzalendo, wala asilaani kwa kuwa bei itapanda. Apime. Tunapendekeza vipimo vinne.

Kwanza: nani ananufaika, na nani analipa? Ushuru juu ya sukari ya nje hulipwa na kila mnywaji chai. Je, faida yake inamfikia mkulima wa miwa, au inaishia kwa wenye vibali vya kuagiza?

Pili: mpaka lini? Uzio usio na tarehe ya kung'olewa hugeuka kuwa ukuta. Kenya ilipewa na nchi za COMESA ruhusa ya kulinda sukari yake kuanzia mwaka 2002, ili itengeneze viwanda vyake. Ruhusa hiyo iliongezwa mara baada ya mara, kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo wakulima wengi wa magharibi ya Kenya walikaa wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kuipeleka kiwandani. Mtoto aliyenyonya miaka ishirini hana tena udhuru wa utoto.

Tatu: aliyelindwa amepewa sharti gani, na anatoa hesabu kwa nani? Mlaji anayelipa bei ya juu amemkopesha mwenye kiwanda. Mkopeshaji ana haki ya kuuliza: umeajiri wangapi, umewalipa nini, ubora umepanda?

Nne: jirani anatendewaje? Je, ameambiwa mapema? Je, yupo aliyekaa naye mezani? Au amekutana na marufuku akiwa na lori lenye nyanya zinazooza?

Hebu tuutumie mfano wa mitumba. Viongozi wa mwaka 2016 walikuwa na haki ya kutaka viwanda vyao wenyewe, na vitisho vilivyowarudisha nyuma vilikuwa dhuluma. Lakini kwa kipimo cha kwanza, je, mama anayeuza marobota sokoni, na mkulima anayemvisha mwanawe kwa mitumba, walikuwa wameandaliwa njia? Na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, ambazo zingejaza nafasi hiyo mara moja, zilikuwa zimefikiriwa? Haki ya taifa kujilinda haiondoi wajibu wake kwa walio wanyonge ndani ya taifa hilo. Mambo haya mawili yanapaswa kusemwa pamoja, na anayesema moja tu amesema nusu.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu, Jumuiya yetu iliongeza kiwango cha nne cha ushuru wa pamoja, asilimia 35, kuanzia Julai 2022, kwa bidhaa nyingi zinazotengenezwa pia hapa kwetu. Eneo huru la biashara la Afrika, ambalo mkataba wake ulitiwa sahihi Kigali mwaka 2018, lilianza rasmi tarehe 1 Januari 2021. Tunajenga ukuta kwa upande mmoja na kufungua mlango kwa upande mwingine. Huenda hayo yote mawili ni busara. Lakini yanaamuliwa kwa jina letu, na wengi wetu hatujui hata siku yalipoamuliwa.

Kila mwezi Juni bajeti husomwa. Iwe desturi ya halmashauri ya walei katika kila parokia kukaa jioni moja kuisoma sehemu ya ushuru na kuuliza vipimo vile vinne, kisha kumwandikia mbunge kwa heshima na bila woga. Parokia zilizo mpakani ziandike kwa tarehe na kwa usahihi yanayowapata wachuuzi wadogo, hasa akina mama, mbele ya vizuizi. Habari iliyoandikwa hukataliwa kwa shida kuliko manung'uniko. Vyama vya ushirika vijifunze masharti ya ubora ya nchi jirani kabla ya mavuno, siyo baada ya lori kurudishwa. Na sisi wanunuzi, tukipenda kununua cha kwetu, tukipende kwa kuwa ni kizuri na kwa kuwa kimemlipa aliyekitengeneza, wala si kwa kuwa tumefundishwa kumchukia aliyetengeneza kingine.

Itikadi ya hazina ilidhani kwamba dunia ni chungu kimoja. Mkulima anajua zaidi. Jirani yako akivuna vizuri, hukununulia kuku wako. Akikosa mvua, atakuja kukopa, au atakuja usiku. Kushiba kwake ni sehemu ya usalama wa nyumba yako.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja bidhaa moja unayoitumia kila wiki ambayo inalindwa kwa ushuru. Je, unamjua anayenufaika na ulinzi huo?

2. Katika eneo lenu, kiwanda gani kilifungwa, na kwa sababu zipi? Je, zote zilitoka nje?

3. Ni lini mara ya mwisho tuliposhangilia jirani kuzuiwa mpakani? Tulijua ni nani aliyeumia?